Kilo Kumi na Mbili

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umelala, na kwamba ile mashine ya kusafisha damu haikukuchosha sana wiki hii. Sisi huku ni wazima, ila mimi nina njaa. Sitanii. Nina njaa ya miezi minne.

Wifi alinipigia simu akanieleza kwamba umeona picha yangu ya harusi ya binamu yetu, mashavu yamebonyea, ukaanza kuuliza ninaumwa nini na kwa nini nakuficha. Nimeona heri nikuandikie, kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na mimi nikikatizwa naishia kuuliza habari za watoto.

Siumwi, kaka. Nimebadilisha chakula. Hospitali walinipeleka kwa mtaalamu wa lishe, binti mmoja mwembamba ambaye sidhani kama amewahi kurudia sahani maishani mwake. Alinichorea duara kwenye karatasi. Nusu yake mboga, robo maharagwe au samaki, na ile robo ya mwisho, ambayo naapa aliichora ndogo kuliko mwenzake, ndiyo wanga. Chai bila sukari. Mkate nisahau. Nikamwambia kwamba mimi ni mwokaji mikate, mwaka wa kumi na tisa huu. Akaniuliza kwani siwezi kuoka bila kuonja. Nikamuuliza kama yeye anaweza kupima mtu akiwa amefumba macho. Hatukuagana vizuri.

Unaijua kazi yangu. Nashinda mbele ya tanuri, trei zinatoka zinanukia, na mimi mfukoni nina tango. Mwezi wa kwanza nilijitungia ujanja: naonja, natafuna, kisha natema kwenye karatasi. Siku moja meneja akaingia wakati natema. Hakuuliza kitu. Alirudisha gari la mikate lililokuwa limeshafika getini, akaamuru mzigo wote ushushwe, akatupanga mstari kutuuliza nani ameharibu unga. Ilibidi niseme mbele ya watu wote kwamba mkate hauna kasoro, mwenye kasoro ni mimi. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo wananiita Bi Tango.

Nyumbani nako si kwema. Shemeji yako, kwa huruma yake, aliamua asile mkate mbele yangu. Nikamshukuru. Kumbe anakula bafuni! Nilisikia harufu ya siagi kwenye masharubu yake, tukagombana kama watu waliofumaniana. Nilimwambia bora anitukane kuliko kunihurumia kwa mlango uliofungwa. Naye akasema, kwa sauti ya chini, kwamba nyumba hii siku hizi anaogopa hata kutafuna. Na ni kweli. Nimekuwa mkali. Binti yangu akiacha chakula kwenye sahani namfokea, akimaliza chote namwangalia kwa wivu.

Na ungedhani basi mwili utashukuru. Wiki za mwanzo kilo zilishuka, nikajiona mshindi. Halafu mzani ukagoma. Wiki tano, kaka, wiki tano nakula majani na kutembea kwa miguu kwenda na kurudi kazini, mshale wa mzani hautikisiki. Niliupiga mzani teke. Ukucha ukang'oka, mzani ukabaki palepale. Wiki ya sita nikaingia stoo ya unga, nikafunga mlango, nikala mkate mzima wa moto, nimesimama, bila siagi wala chai. Nilikula kama mwizi. Kisha nikaketi juu ya gunia nikalia, na sikulia kwa sababu ya unene.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, kabla ujasiri haujaniishia.

Unakumbuka mwaka jana tulipopimwa wote, ndugu na binamu, ili apatikane wa kukupa figo. Nilirudi nikakwambia sikufaa. Nilikudanganya. Damu yetu inapatana, kaka. Daktari alisema hakutarajia kuona vipimo vinavyokaribiana hivyo. Alichosema ni kwamba uzito wangu ni hatari kwenye meza ya upasuaji, sukari imeanza kupanda, nipunguze kilo kumi na mbili kwanza ndipo turudi kuzungumza. Mimi nikachukua hiyo "kwanza" nikaifanya "hapana". Niliogopa kisu. Niliogopa nisiamke, binti yangu alelewe na mtu mwingine. Nilipotoka pale nilijihisi mwepesi, kama mtoto aliyesamehewa fimbo. Nikanunua keki, nikaila peke yangu kwenye benchi la nje ya hospitali. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Kisha, miezi minne iliyopita, nikaja kukutembelea. Ulikuwa na kikombe chako kidogo cha maji, yale unayoruhusiwa kwa siku nzima, na joto lilikuwa kali. Ulilowesha midomo tu, ukakifunika kwa kisahani. Ukaniambia, "Usijilaumu, mdogo wangu. Mwili hauchaguliwi." Ulinifariji mimi! Mwalimu wa hesabu anayepima maji kwa kijiko, akimfariji mwongo aliyeshiba. Nilirudi nyumbani, na asubuhi yake nikaenda kwa yule binti wa lishe. Sikumwambia mtu sababu, hata shemeji yako, kwa sababu nilijua nikishindwa nitaaibika mara mbili.

Jumanne iliyopita nilipimwa tena. Nimepunguza kilo kumi na moja. Ile moja imekataa katakata, na nimeichukia kuliko zote. Daktari aliangalia sukari, akaangalia presha, akasema kwa kilo moja hatagombana na mimi. Tutarudia vipimo vyote pamoja, wewe na mimi, Alhamisi tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi. Alinikumbusha kwamba naruhusiwa kubadili nia hata nikiwa nimeshalazwa kitandani. Nilimjibu kwamba bado naogopa, tena sana, ila safari hii sikumuuliza kama kuna njia ya kutokea. Shemeji yako nimemwambia siku hiyohiyo. Akauliza atakuja kukaa nami hospitali kwa siku ngapi, ili aombe ruhusa kazini.

Umepoteza karibu mwaka mzima kwenye ile mashine kwa sababu ya uongo wangu. Sikuombi usikasirike. Kasirika, una haki. Lakini njoo na hasira zako hivyohivyo. Ukitaka usinisemeshe, usinisemeshe, utanikuta nimekaa kwenye benchi la kusubiria na nafasi ya pembeni nimekuwekea.

Msalimie sana wifi, na umwambie asiniandalie chochote kitamu. Watoto wabusu wote. Binti yangu na baba yake wanakuamkia.

Ni mimi, mdogo wako, mwenye njaa na woga.