Ngoma Yangu na Kura ya Uwanja

Jumatatu, 7 Julai 2025

Jinja nzima hakuna anayepiga ngoma kama mimi. Nikigonga mara moja, samaki wa ziwani kule Masese wanageuka kuangalia nani huyo. Kweli! Juzi kwenye mechi nilizunguka uwanja na ngoma shingoni, mashabiki mia mbili nyuma yangu kama vifaranga. Ningewapeleka mtoni wangeingia na viatu.

Sasa wakubwa wanataka kuhamisha uwanja. Eti mjini pamebana, wajenge mpya upande wa Masese, hapa pawe maduka. Mzee Adrisi, mtunza uwanja, anaishi chumba cha chini ya jukwaa tangu sijazaliwa. Aliniuliza tu, mimi nitaenda wapi, Hamuza? Nikamwambia tulia mzee, ngoma ninayo.

Jumatano, 9 Julai

Amekuja kijana wa Mbale kuutetea uwanja mpya. Anaitwa Mahad, wa mtaa wa Malukhu. Ana diploma! Mimi niliishia darasa la sita. Tena ana ramani, imekunjwa vizuri kama shuka ya hospitali. Shamim anayekaanga karanga getini akaiangalia ramani hadi karanga zikaungua. Miezi miwili nampigia ngoma pale, hajaniunguzia hata moja.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemuuliza Shamim mbona anamchekea yule. Akasema yeye anatembea kutoka Masese kila siku na beseni kichwani, uwanja ukienda kule atauzia karibu na kwao. Akaongeza, na wewe unanipigia kelele tu, hujawahi kunibebea beseni.

Siamini. Ni ile ramani. Na viatu vyeupe! Nani anavaa viatu vyeupe kwenye vumbi hili?

Jumapili, 13 Julai

Kura ilikuwa leo, uwanjani. Ya kupanga mstari, kama tunavyochagua mwenyekiti wa kijiji. Unataka uwanja ubaki, simama nyuma ya Mzee Adrisi. Unataka uhame, nyuma ya Mahad. Afande Otim wa polisi ndiye wa kuhesabu. Mstari wetu ulitoka goli hadi goli! Wao hawakufika hata katikati. Mzee alivaa kanzu ya Idi, akaniweka wa kwanza nyuma yake.

Halafu nikamwona Shamim, wa kwanza nyuma ya Mahad. Mahad akamnong'oneza. Akacheka — kicheko kile! Nikapiga ngoma asimsikie. Hakugeuka. Nikasogea nikipiga. Nikasogea tena, hadi nikawafikia kabisa. Hapo akageuka. Lakini hakuniangalia mimi. Aliangalia nyuma yangu.

Banange, jamani! Watu wa mstari wetu walikuwa wamenifuata. Karibu wote, wanacheza, kama siku ya mechi. Afande akapuliza filimbi, kila mtu asimame alipo, nahesabu! Nikapiga kelele, afande, hawa ni wetu! Akasema, bwana, mimi nahesabu watu mahali waliposimama.

Nyuma ya mzee walibaki kumi na mmoja, uwanja unahama. Mahad akanishika mkono mbele ya watu, asante sana bwana!

Sasa hivi niko nje ya chumba cha mzee. Namsikia anakusanya vyombo vyake, ingawa hakuna aliyemwambia aondoke leo. Mji mzima unasema nilihongwa. Naye ameniuliza kupitia mlango uliofungwa, kijana, walikupa nini?

Anauliza tena. Afadhali wangenihonga, ningekuwa na la kumjibu. Hakuna aliyenipa kitu. Shamim alicheka na mwingine, nikasahau kabisa kwamba mzee yuko mbele yangu.