Kisu cha Mama Kimetiwa Ubutu

Nizwa, 2 Novemba 2025

Kaka yangu Khelef,

Shikamoo. Sisi huku wazima, joto limepungua, isipokuwa nyonga yangu ndiyo bado haijasikia habari hizo. Wewe hujambo? Mama kaamkaje? Mkeo Dalal karudi au bado yuko Ibra kwa baba yake?

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na ukipokea unanong'ona kama mwizi. Najua, umeshanieleza, Mama akisikia tunazungumza anadhani tunamteta, kisha analia siku nzima. Basi tuandikiane. Barua pepe nayo ni barua, na watoto wetu Kiswahili cha kusoma hakiwapandi, kwa hiyo hapa tuko faragha.

Sasa nisikilize. Wenzetu wa visu watakutana hapa Nizwa mwezi wa kwanza, shambani kwa Maen. Unamkumbuka Maen, yule kijana wa mitambo ya mafuta anayetengeneza visu vizuri halafu anavifungia kwenye droo. Safari hii hatutaki kazi mpya. Kila mtu alete kisu chake cha kwanza, kiwe kibaya vipi, asimame aeleze alikifanyaje. Mie changu ninacho, kile cha tupa kuukuu. Nilikuwa sijui kwamba chuma kikishaiva kinachovywa kwenye mafuta ya vuguvugu. Nikakitumbukiza kwenye maji ya falaji, ule mfereji wa shambani, tena katikati ya baridi. Kikalia ti. Ufa ukapanda kutoka kwenye makali mpaka karibu na mgongo. Nikakaa uani nikalia, mtu mzima, mwalimu wa skuli, na marehemu mume wangu ananiambia si kitu, tutanunua kingine, kana kwamba shida yangu ilikuwa kukosa kisu.

Na chako? Wewe ndiye uliyenitia wazimu huu. Kile cha springi ya gari, kinene, kizito, mpini wa mkunazi uliopigwa msasa upande mmoja tu kwa sababu ulipofika upande wa pili ulichoka. Maen kila tukionana ananiuliza kikoje. Njoo nacho. Lala kwangu siku mbili tatu, Mama mwachie Dalal. Unahitaji kupumua.

Mdogo wako,
Fawziya


Sur, 5 Novemba 2025

Mdogo wangu Fawziya,

Marahaba. Alhamdulillahi, tunakwenda. Nyonga ikande kwa mafuta ya simsim, wala usiisikilize sana. Dalal yuko Ibra, baba yake hawezi tena kuinuka peke yake, na kila akirudi hapa anarudi kachoka kuliko mimi. Sasa huyo wa kuachiwa Mama ni nani? Mtumishi kashaondoka. Mama alimwita mwizi wa sufuria mara nyingi mpaka mwenyewe akaona bora aende zake.

Unauliza kisu changu. Kisu changu si changu. Siku niliyokimaliza nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni nakipangusa, Mama akakichukua mkononi mwangu, akaingia nacho, akamkatia nguru. Toka siku hiyo sijakimiliki. Nimemfanyia vingine, unajua. Kimoja chembamba, chepesi, cha kuchunia samaki, nilikitaabikia kuliko kisu chochote. Kashukuru, kakiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Sasa hali yenyewe ni hii. Majina yetu yamemponyoka. Mie ananiita Yaarub, nduguye, aliyezikwa Unguja kabla sijazaliwa. Chumvi ama anatia mara mbili ama hatii. Lakini alfajiri akishasali anajifunga kanga kiunoni, anaingia jikoni, anafungua droo, anashika kisu kile, na mkono wake unajua kila kitu. Anakata kitunguu bila ya kukitazama. Halafu katikati ya kitunguu anasahau. Anageuka na kisu mkononi kuja kuniuliza kama marehemu Baba karudi sokoni. Mara anakiacha ukingoni mwa meza. Juzi nimekikuta chini ya mto wake. Mie ndiyo kazi yangu, kusimama pale mlangoni toka alfajiri mpaka chakula kiive, na usiku kuamka kuangalia kisu kiko wapi.

Wewe na mimi tumewaambia watu miaka yote kwamba kisu butu ndicho kinachomkata mtu, kwa sababu anakikandamiza. Basi mie sikukifanya butu nusunusu. Jana usiku nimekibana kwenye jiliwa nikayasaga makali yote, mpaka ukipitisha kidole ni kama unapitisha kwenye ukingo wa sahani. Hakimkati mtu wala samaki. Nikakipangusa, nikakirudisha kwenye droo. Fawziya, kazi ile ilikwisha kabla chai haijapoa, na kukitengeneza kulinichukua baridi nzima ya mwaka ule.

Sasa nije na nini huko Nizwa? Nisalimie wenzetu.

Kaka yako,
Khelef


Nizwa, 7 Novemba 2025

Kaka Khelef,

Shikamoo. Natumai umelala vizuri na Mama kaamka na uso mkunjufu.

Barua yako nimeisoma, na nisikufiche, nimekasirika. Kisu cha kwanza cha mtu hakiguswi. Changu kimepasuka na hata kukipaka mafuta upya sijathubutu, nakiacha na aibu yake. Wewe umekwenda kukisaga kile, wallahi sijui ulipata wapi moyo.

Si ungeufunga mlango wa jikoni tu asiingie? Au tafuta mtumishi mwingine, mwambie mapema kwamba ataitwa mwizi. Kuna watu wanatia kengele mlangoni, mgonjwa akipita inalia. Na kuna daktari mmoja Maskati anasifiwa sana kwa mambo haya ya kusahau, nitakutumia namba yake. Na wewe upunguze kahawa, ndiyo inayokunyima usingizi.

Mie ningekuja leo hii, ila Shatha kaanza kazi na wanawe wako kwangu mchana kutwa, na mwanangu huyo unamjua, hana mwengine wa kumtegemea. Likizo ya Sikukuu ya Taifa, inshallah, nikipata nafasi nitapita.

Mdogo wako,
Fawziya


Sur, 29 Novemba 2025

Fawziya,

Salamu. Wa hapa tupo. Likizo imepita na gari lako hatukuliona. Silaumu, nasema tu.

Nakueleza ilivyokuwa kwa sababu sina mwengine wa kumweleza. Asubuhi ya kwanza Mama alikiweka kisu juu ya kitunguu, akasukuma, kikateleza. Hakusukuma tena. Akakigeuza, akapitisha dole gumba kwenye makali, polepole, kutoka mpinini mpaka kwenye ncha. Nilikuwa mlangoni.

Akaniambia, "Yaarub, kisu hiki wamekiua."

Nikamwuliza, "Nani kakiua?"

"Simjui. Lakini ni mtu anayejua kazi."

Akakiosha, akakifuta, akakirudisha kwenye droo. Akaifungua kanga kiunoni, akaenda kukaa kitandani. Toka hapo jikoni hajaingia.

Na mie, Mungu anisamehe, siku za mwanzo nililala. Sikumbuki mara ya mwisho kulala vile. Nilikuwa nasali alfajiri narudi kitandani, nyumba kimya, hakuna kisu cha kukitafuta. Nilipika mwenyewe, vibaya, na tulikula. Nikajiambia kumbe dawa ilikuwa nyepesi hivi.

Sasa anakaa kitandani anatazama ukuta. Ukimlisha anatafuna, usipomlisha haulizi. Juzi alijikojolea pale pale na hakusema kitu, Mama yetu, ambaye zamani hata tone la maji sakafuni lilikuwa likimnyima raha. Alhamisi nimemwekea sinia na vitunguu, nimempa kile kisu chembamba nilichomfanyia. Akakishika kama kitu cha mgeni, akanirudishia mkononi kwa adabu kabisa.

Nikikinoa kile cha zamani, narudi mlangoni kila siku, na miguu hiyo sina tena. Nisipokinoa, mie napata usingizi, na yeye anakwisha mbele ya macho yangu. Hayo ndiyo niliyonayo. Kengele sitaki, daktari nimeshamwona, na kahawa ndiyo raha yangu peke yake iliyobaki. Ushauri mmeniletea nyote na nimeupokea. Usinipigie.

Kaka yako,
Khelef


Nizwa, 30 Novemba 2025

Kaka, shikamoo. Umeniambia nisipige na nimepiga, hukupokea. Niandikie hata neno moja, Mama yukoje, na wewe ukoje.

Mdogo wako


Nizwa, 9 Desemba 2025

Kaka Khelef,

Shikamoo. Dalal nimempata leo, kaniambia na yeye humjibu, na kwamba Jumamosi alikukuta hujanyoa ndevu na hutaki kukaa kitako. Watoto nimemrudishia mama yao. Shatha kakunja uso, atakunjua. Kesho nikishasali asubuhi natoka, nitapitia Ibra nimwone Dalal na baba yake, na adhuhuri nitakuwa mlangoni kwako. Usinipikie kitu.

Mdogo wako,
Fawziya


Sur, 3 Januari 2026

Kaka yangu Khelef,

Shikamoo. Huko kwangu Nizwa kuna baridi, bila ya shaka, na blanketi zito liko juu ya kabati, usione haya kuliteremsha. Shatha kaniambia siku za mwanzo ulikuwa unaamka kula na kusali tu, kisha unalala tena, na wanawe wakipita mlangoni kwako wananyata. Katika habari zote nilizopata mwaka huu hiyo ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Wacha wanyate, itawafaa.

Njia nzima ya kuja huku nilikuwa nakupangia maneno. Nilipokukuta uani umelala garini, milango umeifunga kwa ndani, nilisimama pale na begi langu nikaona haya. Nisamehe habari ya kengele.

Kisu nilikikuta umeshakinoa. Hilo hukuniandikia. Nilikijaribu kwenye unywele wa mkono, ukakatika. Kimepungua upana, bapa lake si lile la mwanzo, lakini makali umeyarudisha, na hapo ndipo nilipojua kwa nini ulikuwa hupokei simu. Ulikuwa mlangoni.

Sasa mlangoni ni mie. Siku mbili nilisimama kama ulivyonielekeza, ya tatu nyonga ikagoma, nikavuta kiti nikakaa naye mezani. Yeye samaki, mie vitunguu. Akisahau anachokata namwonyesha samaki, namwambia bado mkia, naye anaendelea. Akiinuka nainuka. Mie ananiita binti wa jirani. Nimekubali, maana binti wa jirani anasifiwa kwa vitunguu vyake, na mie sikuwahi kusifiwa. Anakula mwenyewe. Juzi kanigombeza kwa kupoteza maji.

Kwa Maen uende. Usiseme kisu kimebaki huku na huna kitu cha kuonyesha. Kaa na watu, unywe kahawa yao, wakikuuliza waeleze, usipotaka nyamaza.

Sasa nikwambie la jana, na nakwambia nikijua nimekatazwa. Mama kajikata.

Nilikuwa nimegeuka kuinjika sufuria. Niliporudi mezani mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya kanga na kanga inaloa. Nikamwambia, Mama, nione. Akaupeleka nyuma. Nikambembeleza, nikapiga magoti pale sakafuni na nyonga yangu hii, mpaka akanipa. Kidole cha shahada, jeraha si refu, safi, la kisu kikali. Nimemwosha, nimemfunga kitambaa, leo hata maumivu hana. Usishtuke.

Nikamwuliza kwa nini hukuniita.

Akautazama mlango wa jikoni. Akaniinamia sikioni.

"Usimwambie Khelef," akasema.

Kaka, kalitaja jina lako wazi, kama tulivyokuwa tukilisikia tukiwa wadogo. Nikamwuliza Khelef ndiye nani. Nilikuwa namjua, nilitaka nilisikie tena.

"Mwanangu. Akijua nimejikata atarudi kusimama pale. Kachoka yule. Mwache alale."

Kisha akaniuliza kama Baba karudi sokoni, na jina lako halijarudi tena toka jana.

Nililia kwenye sinki nikiosha kitambaa, naye akadhani ni vitunguu. Mie niko hapa mpaka tule Idi, Shatha nimeshamwambia, na Dalal anajua. Sikukuandikia haya ili uwashe gari. Ukija kabla ya hapo sikufungulii mlango, na sina haja ya kutafuta sababu, nimeagizwa.

Lala, kaka.

Mdogo wako,
Fawziya