Hedifoni Zenye Mgongo Wazi

Gävle, 6 Oktoba

Baba mpenzi,

Hujambo? Mgongo vipi, bado unakubana ukiinama? Najua watu wote wa Sollefteå wamejazana gerejini kwako wakitaka matairi ya msimu wa baridi, lakini usinyanyue peke yako. Sisi huku wazima. Mdogo wangu Sixten ameota jino na anatung'ata sote.

Nina shida, na wewe ndiye mwenye masikio. Hedifoni zangu zimekufa upande mmoja. Nataka mpya zitakazofaa kwa mambo mawili: gemu za kompyuta na muziki. Kwenye gemu lazima nisikie adui anatokea upande gani. Kwenye muziki unajua mwenyewe. Kettil wa Mama anasema ninunue zile za gemu, zenye maiki na taa za rangi, muziki nitauvumilia tu. Eti mtaka yote hukosa yote. Anazo za aina hiyo, na kila Ijumaa tunacheza pamoja tukishamaliza bakuli la krispi. Amesema atanichangia kwa ajili ya siku yangu ya kuzaliwa.

Nijibu haraka.

Mwanao,
Tuva

Sollefteå, 7 Oktoba

Mwanangu Tuva,

Mimi mzima, mgongo mzima. Mpe Sixten pole ya jino.

Haya sasa. Kila Ijumaa? Tangu lini? Kabla mama yako hajahamia huko kwa huyo baba wa kambo mnayemwita baba wa nyongeza, ulikuwa unakaa wiki kwake na wiki kwangu, na Ijumaa za kwangu hukuwa unamgawia mtu. Sikulaumu. Nauliza tu.

Hedifoni za gemu zina besi ya ngoma iliyopigwa ndani ya pipa. Mlipuko utausikia mpaka kwenye meno, lakini mwimbaji utadhani amefungiwa stoo. Mwambie huyo mtaalamu wako kwamba yote mawili yanapatikana. Chukua zenye mgongo wazi, zile ambazo kwa nje zina wavu badala ya kifuniko. Sauti inapata pa kupumulia. Nyayo za adui utazisikia pale pale zilipo, na fidla utaisikia kama iko chumbani. Maiki weka ya mezani, mbali. Mimi nimetumia za namna hiyo miaka yote na sijawahi kujuta.

Na asichange hata sarafu moja. Nanunua mimi. Mtoto ana baba.

Baba yako,
wa asili, si wa nyongeza

Gävle, 15 Oktoba

Baba mpenzi,

Habari za huko? Unakula vizuri au ni zile soseji za kituo cha mafuta tena? Huku tumeamka salama.

Asante kwa kuniahidi hedifoni, lakini usinune. Kettil ni Kettil, na namwita Kettil. Hajawahi kusema neno baya juu yako. Juzi aliniuliza kwa nini nang'ang'ania muziki hivyo, nikamwekea ile nakala uliyonirekodia ya santuri yetu, ya yule mama wa Jämtland na fidla yake, ile ya Jumapili asubuhi tukiwa tumelala kwenye zulia. Alisema ni nzuri, ila inamletea usingizi.

Mwanao,
Tuva

Sollefteå, 16 Oktoba

Tuva,

Salamu baadaye.

Umemwekea? Ile? Loo! Nyumba kapata, Ijumaa kapata, sasa anataka na zulia langu alilalie! Halafu anasinzia! Bora angesema mbaya, ningejua ana masikio.

Ndiyo, ni wivu. Unanila, wala sioni haya kuutaja. Leo nimemfungia mteja tairi kinyume kwa sababu yake. Nikifikiria huyo bwana anakucheka ukikosea, anakupa krispi, anajua maadui wako wanatokea upande gani, roho inanipasuka. Mimi najua nini? Najua saizi ya matairi ya gari la mama yako.

Hedifoni nimeshatuma. Nilizijaribu kwanza mwenyewe hapa sebuleni, santuri nzima, kwa utulivu kabisa. Ukizivaa utakuwa zuliani na mimi, na hapo haingii mtu.

Baba yako

Sollefteå, 9 Novemba

Mwanangu Tuva,

Hujambo? Hamjambo nyote? Nasema nyote, umeona.

Siku yako ya kuzaliwa nilipiga simu, mama yako akasema unaoga. Nilipopiga tena ulikuwa bado unaoga. Kifurushi kilifika? Kama huyo bwana amezikalia hedifoni kwa bahati mbaya, niambie tu, sitauliza alikuwa anatafuta nini kwenye kiti chako.

Au ni barua yangu? Mimi mtu wa matairi. Magurudumu ya watu nayasawazisha, mdomo wangu unanishinda. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Baba yako

Gävle, 12 Novemba

Baba mpenzi,

U mzima? Nisamehe kwa kimya. Mimi mzima, ila nilikuwa na hasira.

Ulisema haingii mtu. Baba, wanaingia wote! Kompyuta yangu iko pembeni mwa sebule, jikoni ni hapo hapo. Nikizivaa nasikia mashine ya kuoshea vyombo, Sixten akilia, Mama akiongea na bibi kwenye simu, Kettil akitafuta kifuniko cha sufuria. Na sauti za gemu yangu zinatoka nje. Nikifyatua risasi, Sixten anaamka. Kwako hukuligundua hilo kwa sababu kwako hakuna mtu mwingine. Nilitaka kukuandikia hivyo kwa hasira, nikashindwa, nikalia.

Lakini sauti, ulisema kweli. Adui nasikia anakanyaga changarawe nyuma yangu, kushoto kidogo. Fidla nayo, mpaka pumzi ya mpigaji nasikia. Na Sixten ameshazoea, siku hizi hasinzii mpaka asikie risasi.

Kuna jambo jingine. Jumamosi niliweka santuri yetu. Mama alikuwa anakunja nguo. Alikuja na soksi mkononi, akasimama nyuma yangu mpaka wimbo ukaisha. Akasema, "Huo wa pili ndio tuliokuwa tunacheza na baba yako, pale jikoni." Kettil alisikia. Akavaa buti, akachukua koleo la theluji, akatoka nje.

Baba, huku theluji bado haijaanguka.

Mwanao,
Tuva

Sollefteå, 13 Novemba

Mwanangu Tuva,

Hujambo, hujambo, hujambo?

Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Kumbe naye ana kijiba cha roho! Koleo! Na azoe nyasi mpaka kuche. Niliendesha gari mpaka nyumbani nikipiga mluzi.

Halafu jioni nikavaa hedifoni zangu bila kuweka wimbo wowote. Nilitaka nisikie kinachoingia. Ulikuja mngurumo wa friji. Nikangoja kidogo, ukaja ule ule wa friji. Furaha yote ikaniishia, nikakaa hapo kama mjinga.

Basi sikiliza. Nimenunua maiki ya mezani. Kompyuta nimeazima kwa jirani, na mwanawe ameniwekea hiyo gemu yenu huku akinihurumia waziwazi. Ijumaa mnaanza saa ngapi? Usimwambie huyo bwana ni nani anakuja. Sitagombana naye. Pengine kidogo.

Baba yako

Gävle, 22 Novemba

Baba mpenzi,

Hujambo? Vidole vimepona kwa kubonyeza-bonyeza Ijumaa? Sisi wazima, mbavu tu zinatuuma kwa kucheka.

Sijawahi kucheza na mtu anayekufa hivyo. Kettil anasema unatembea kama umebeba tairi kila bega, na kwamba Ijumaa ijayo nikufundishe kwanza kufungua mlango. Ulipojilipua kwa bomu lako mwenyewe ukaangua kicheko, kicheko kile kilitoka kwenye hedifoni zangu mpaka jikoni. Mama aliacha kuosha sufuria. Akauliza, "Huyo si...?" Nikamwambia ndiye. Akaanza kucheka na yeye, peke yake, mikono ndani ya maji. Alicheka muda mrefu. Raundi iliyofuata Kettil aliuawa kizembe kabisa, na yeye hauawi kizembe.

Leo kimekuja kifurushi chenye jina langu. Kettil ameniagizia hedifoni nyingine, za kufunga, zenye vifuniko vizito, haziingizi wala hazitoi hata pumzi. Anasema ni kwa ajili ya Sixten, apate kulala.

Nimemwambia asante, ninazo.

Mwanao,
Tuva