Skochi Shingoni

Jumatatu, 3 Juni

Mashine tena. Mkao uleule: kichwa nimekigeuzia kushoto, barakoa usoni, nautazama ukuta kana kwamba umenikosea. Muuguzi Zihalirwa ananawa, anavaa glavu, anasugua vifuniko vya mrija kwa alkoholi mpaka namchoka. Mrija umeingia shingoni upande wa kulia, kwenye mshipa mkubwa. Ncha yake iko karibu na moyo. Damu inatoka humo, inasafishwa, inarudi. Figo zangu zimestaafu kabla yangu. Mimi bado nafundisha Kifaransa pale lise, shule yetu ya sekondari.

Masharti yake nayajua kama sala. Mrija usiguswe na mtu mwingine. Bandeji isilowe. Ikibanduka, njoo hospitali.

Nina furaha. Jumamosi ya wiki ijayo ni mahari ya Neema, binti yangu wa pekee. Wakwe watavuka ziwa kutoka kisiwa cha Idjwi. Nitakaa kiti cha mama, niulizwe kama nimekubali. Nimeshapanga hata nitakavyokohoa kabla ya kusema.

Jumapili, 9 Juni

Misa nzuri, mahubiri marefu. Nje ya kanisa, salamu. Sisi huku hatuishii kwenye mikono, tunagonganisha vichwa: kulia, kushoto, kulia. Kwaya nzima imenipongeza hivyo. Ningekataa? Mama wa bibi harusi akwepe vichwa vya watu?

Nyumbani nimeona ukingo wa bandeji umebanduka. Kwenda hospitali Jumapili, uvivu. Na fundi wa nguo alikuwa ananingoja. Nimechukua skochi, ule utepe wa gundi ambao Neema anafungia zawadi. Nimebandika. Imeshika vizuri. Najivunia kidogo.

Jumatatu, 10 Juni

Zihalirwa ameiona skochi. Amesema: "Madame, hii shingo haiko enveloppe ya barua."

Wagonjwa wote wamecheka. Nami nimecheka, lakini masikio yalikuwa moto. Amesafisha, ameweka bandeji mpya. Pana wekundu kidogo, hakuupenda. Ameniagiza: nikipata homa nisiulize mtu, nije.

Jumatano, 12 Juni

Homa. Baridi kali, meno yanagongana, kitanda kinalia. Nyumbani kila mtu ni daktari: malaria. Shemeji yangu Bisimwa, muuguzi mstaafu, amefika kutoka Nyantende na ndizi za sherehe. Ndani ya mfuko uleule, chupa ya serumu ya kwinini, dripu ya malaria. Ameitazama shingo yangu kwa tamaa.

"Maman Neema, njia iko wazi. Juu ya nini nikutoboe tena mkononi?"

Anataka kuufungua mrija wangu, mezani kuna ndizi, mikono ina vumbi la safari. Kwa upendo kabisa, na hilo ndilo baya. Nilikuwa dhaifu, kidogo nikubali. Kisha nikajifunika kikwembe mpaka kidevuni na kupiga kelele kama niko darasani. Amenuna. Mume wangu ameita teksi.

Naandika hospitalini. Mwandiko wa kuku. Naogopa.

Alhamisi, 13 Juni

Malaria hakuna. Wamechukua damu mkononi na kwenye mrija, lakini Daktari Furaha hasubiri majibu. Vijidudu vimeingia kwenye damu kwa njia ya mrija, ndivyo anavyoona. Antibiotiki zimeanza. Mrija umetolewa leo. Nimelazwa chali, kichwa chini, nikaambiwa nibane pumzi ili hewa isivutwe ndani ya mshipa. Kisha Zihalirwa amekandamiza shingo muda mrefu, bila mzaha hata mmoja. Mrija mpya utawekwa upande wa pili. Lini? Jumamosi.

Jumamosi!

Nimebembeleza. Jumapili je? Jumatatu je? Furaha alikuwa mwanafunzi wangu, insha zake nilikuwa nawasomea wengine. Amesema nikiikosa mashine Jumamosi, uchafu wa damu unaweza kuusimamisha moyo. "Maman, nakupenda sana, lakini hapana." Sentensi fupi, safi. Nilimfundisha vizuri mno.

Mume wangu anataka kuahirisha. Nimekataa. Vyakula vimenunuliwa, boti imekodiwa, Neema hajalala kwa furaha. Waendelee. Mimi niishi kwanza. Nimeikasirikia skochi, lakini yenyewe haikujibandika.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya mahari ya binti yangu, aliyefunikwa uso ni mimi. Shuka kubwa la kijani kutoka kichwani mpaka miguuni, tundu moja tu shingoni. Kitanda kimeinamishwa upande wa kichwa. Furaha amevaa kofia, barakoa, gauni, glavu. Mshipa anautazama kwenye kioo cha ekografia, hachomi kwa kubahatisha. Ganzi imeuma kidogo. Nisiongee, nisitikisike.

Chini ya shuka nimelia. Kimyakimya, kwa nidhamu. Ilikuwa saa ya wakwe kuingia uani.

Picha ya kifua: pafu zima, ncha iko mahali pake. Halafu mashine. Bisimwa amepiga simu kuomba msamaha na kunieleza jinsi mbuzi walivyonona. Nimecheka mpaka Zihalirwa akanitishia kunifunga mdomo kwa skochi.

Jumapili, 16 Juni

Hakuna homa. Mvua ndogo tangu asubuhi.

Neema amekuja peke yake. Amenawa mikono kabla ya kuambiwa. Sherehe ilikwenda vizuri, ila kuna kitu kilibaki. Shangazi yake aliposimama kujibu kwa niaba yangu, mzee wa wakwe alimwomba akae. Neno la mama halisemwi na mtu mwingine. Wamelala hapa mjini, wanangoja.

Amempigia mzee huyo, ameniwekea simu kwenye sikio la upande usio na mrija. Mzee ameuliza polepole kama nimekubali. Maneno yote niliyokuwa nimeandaa yamenipotea. Hata kukohoa nimesahau. Nimesema ndiyo.