Nyambura na Ufalme wa Belmarova

Jumatatu, 9 Novemba 1953

Tumefagia darasa, tumechota maji. Kisha hesabu. Nyambura, tunayekaa naye dawati moja, alipata zote, mimi nilikosa mbili. Jioni tuliendelea na kitabu alichotuazima Mwalimu Ruth. Ufalme wa Belmarova uko Ulaya, una theluji na misitu. Mfalme ametekwa. Msafiri anayefanana naye amevaa taji lake na hakuna aliyemtambua. Hata mchumba wa mfalme! Nyambura anasema mchumba huyo ni mjinga. Mimi nililia.

Jumatano, 11 Novemba

Habari mbaya. Wakikuyu wa mashamba ya Njoro wanaondolewa kwa sababu ya Hali ya Hatari. Binti zao watatolewa shuleni. Wanasema Nyambura anarudishwa kwao, Fort Hall. Amezaliwa Njoro, kwenye shamba ambako baba yake alikamua ng'ombe mpaka walipomtia kizuizini. Fort Hall hajawahi kuiona.

Sikula.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimepata njia. Kama msafiri aliweza kuwa mfalme, Nyambura anaweza kuwa Mbukusu kama mimi. Atakuwa Nasimiyu, binti wa shangazi yangu wa Kimilili. Nimemfundisha kusalimu: mulembe. Anacheka tu. "Nekesa, wewe! Utanivunja ulimi." Nilimwambia hili si jambo la kucheka. Kesho tuna ruhusa ya kwenda kwetu Nakuru. Mama nitamwambia tukishafika.

Jumamosi, 14 Novemba

Kwenye lango la landi, nyumba zetu za wafanyakazi wa reli, kulikuwa na askari. Mbukusu. Niliogopa atamtambua kwa lugha. Alimwuliza Nyambura jina. Nasimiyu. Akamsalimu, akajibiwa. Akamtazama sana.

"Dada, huyu wenu amelelewa wapi? Anasalimu kama aliyeunguzwa ulimi na uji."

Akacheka, akafungua lango. Nadhani alijua. Mungu ambariki.

Mama alinigombeza jikoni kwa sauti ya chini. Kisha akampakulia Nyambura. Atakaa kwetu. Nina furaha mpaka naogopa.

Jumapili, 15 Novemba

Malori yamewaleta watu wa Njoro stesheni, ng'ambo ya ua wetu. Wamekaa chini na sufuria, kuku, magodoro. Tuliwaona kupitia senyenge. Mama yake Nyambura alikuwa na mtoto mgongoni. Alikuwa akimwuliza kila mtu kama amemwona binti yake.

Nyambura hakulia. Alivua gauni langu, akalikunja, akavaa lake. Nilimshika mkono. Nilimwambia msafiri wa Belmarova hakukata tamaa.

"Yule hana mama," akasema.

Alikwenda moja kwa moja kwa karani aliyekuwa akiandika majina yao, akataja jina lake na la baba yake kwa sauti. Mama yake alikaa chini ghafla, kama aliyesukumwa.

Mchochezi wa moto wa garimoshi litakalowachukua ni Baba. Alikwenda kazini bila kututazama.

Nakichukia kile kitabu.

Alhamisi, 19 Novemba

Dawatini niko peke yangu. Leo Jiografia. Niliomba nioneshwe Belmarova kwenye ramani. Mwalimu Ruth alisema kwa upole kwamba haipo, mtunzi aliibuni. Darasa zima lilicheka. Sikuona haya.

Nikamwuliza kuhusu Fort Hall. Alifungua ukurasa wa Kenya. Hiyo ipo. Kutoka Nakuru ni upana wa vidole viwili. Niliviweka hapo mpaka kengele ikalia.