Damu ya Watoto Wangu

Jumatatu, 3 Machi. Igowole
Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano. Nimemfulia Baba Neema mashati ya kwenda nayo hospitali Mbeya. Wiki ya tatu hamalizi sahani. Vijiko viwili, anashika tumbo. Ndani ya begi alilorudi nalo toka machimbo ya Chunya nimekuta samaki wa moshi. Wamefungwa vizuri, kwa upendo. Ni wa Rehema, mama lishe wa machimboni anayeishi naye huko. Mwaka wa sita sasa. Nimewatupa wote chooni.

Alhamisi, 6 Machi. Mbeya
Wamemwingizia kamera tumboni, wakakata kinyama cha kupima. Rehema alifika kabla yangu. Amekaa upande wa kichwa, mimi miguuni. Mume wangu anapokea uji mkononi mwake. Namchukia.

Ijumaa, 14 Machi
Saratani ya tumbo.
Nilimwambia daktari mbele ya Rehema: ni vyakula vya huyu. Nilitaka aseme ndiyo. Akasema chumvi nyingi na vya moshi vinachangia, sigara pia, na bakteria anayeweza kukaa tumboni miaka mingi. Halafu akauliza habari za ukoo. Baba Neema akajibu kwa sauti ndogo: baba yake alikufa hivi hivi, na shangazi yake. Daktari akasema basi huenda na damu imo. Kuna vinasaba mtu anazaliwa navyo. Vikikutana na chakula na bakteria, hatari inaongezeka. Si lazima kila mmoja augue.
Akauliza watoto ni wangapi.
Wawili. Wote wangu. Rehema hana.
Na chumvi nimeitia mimi pia, miaka ishirini na nne. Aliomba, nikaongeza.

Jumamosi, 15 Machi
Sijawahi kumwonea mtu wivu hivi. Si kwa ajili ya mume. Ni kwa kutozaa kwake. Miaka yote nilimcheka kwa hilo. Mungu anisamehe.
Neema kapiga simu toka chuoni Iringa. Kiungulia tangu mwaka jana, anameza vidonge vya dukani. Sikuwahi kumuuliza.

Jumatatu, 17 Machi
Daktari anataka Neema apimwe mapema. Neema anaogopa kwenda peke yake. Na baba yake anaanza dripu za saratani kesho. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, sijui nimwache nani. Rehema akaja akakaa.
"Dada, mimi sina mtoto wa kumhofia. Niachie mgonjwa, nenda kwa Neema."
Ningependa awe mtu mbaya. Nimempa kadi ya hospitali na kanga zangu mbili.
Baba Neema hakuuliza nitarudi lini. Limeniuma.

Jumapili, 30 Machi. Iringa
Majibu yametoka juzi. Neema hana saratani. Ana yule bakteria. Kaanza dawa, anakunja uso kila akimeza. Mdogo wake, Baraka, atapimwa wiki ijayo.
Rehema katuma ujumbe: mgonjwa kanywa uji nusu kikombe, kasinzia.
Niliandika: asante, mdogo wangu. Nikafuta "mdogo wangu". Nikatuma asante tu.
Mvua. Neema kalala mchana. Nimemfunika miguu.