Alinipisha Niondoke

Kasulu, Tanzania

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Bado unakimbilia feri ya Likoni kwa ubishi wako? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haunipi raha. Kiangazi kimekwisha, na kazi ya kufunga taa za sola kwenye boti za wavuvi imekwisha nacho. Nabaki hapa Kasulu siku chache kumalizia viporo. Barua nimempa fundi mwenzangu anayetangulia, maana kwenye simu ningekutania tu na lililo moyoni nisilitoe. Mshukuru dada Mariamu kwa zile kashata alizonitilia begini nilipokuja huku. Sijapata kumshukuru.

Kule Bangwe, kando ya ziwa pale Kigoma, nilikaa kwa mama mmoja muuza dagaa, Mama Zuhura. Kila asubuhi, kabla ya kushuka ufukweni kuanika, alinigongea: "Mwakeye!" Hiyo ni salamu ya Kiha. Mimi niliitika ovyo, naye akacheka mpaka akashika ukuta. Usione wivu, mama, lakini nilimwita mama tangu wiki ya kwanza. Chumba changu kilikuwa cha bintiye, Zuhura, aliyevuka ziwa kwenda Kongo bila kuaga. Hajapiga simu hadi leo.

Mama Zuhura ana desturi yake. Anayeondoka nyumbani kwake, begi lake hulibeba yeye mwenyewe kichwani mpaka barabarani, kisha humwombea dua. Majirani niliwaaga vizuri. Wakaniambia, "Tutaonana kiangazi kijacho," nami nikajibu inshallah huku najua sirudishwi tena huku. Kwake yeye nilishindwa. Nilimwambia naondoka Jumapili. Ijumaa asubuhi, yeye yuko ufukweni anageuza dagaa, nikachukua begi langu nikatoka kama mwizi.

Tulipofika Kidahwe basi likapata pancha. Nikafungua begi kutafuta kofia, nikakuta kifurushi cha khanga. Ndani mna dagaa wa kukaanga, bado vuguvugu. Mama, nilikaa kando ya barabara nikalia, abiria wakanipa pole wakidhani nimefiwa. Nikashusha begi, nikapanda bodaboda kurudi.

Nilimkuta uani.

"Umesahau nini?"

"Kukuaga, mama."

Akanitazama. "Nilijua tangu jana. Ulifua nguo zako zote, mpaka shuka. Zuhura naye alifua hivyohivyo. Nikasema nishuke ufukweni mapema, nikupishe."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuona huwezi, mwanangu. Ningekuuliza ungenidanganya tena."

Nilitamani ardhi inimeze. Akauliza, "Utarudi?" Safari hii nikamwambia kweli: sirudi, kazi imekwisha. Kisha akakunja khanga akatengeneza kata ya kichwani, akajitwika begi langu, tukaenda. Barabarani aliniombea dua ndefu, na mwishoni akamtaja Zuhura. Nilimtazama akirudi mpaka akakata kona.

Mama mwenzako alinilea kiangazi kizima, nami nilikuwa tayari kumfanya aachwe mara ya pili kwa namna ileile. Hata usingizi siupati vizuri. Najiona mbaya.

Nisalimie mjomba Bakari na cherehani yake, na bibi yetu wa nyumba ya pili, umwambie mjukuu wake hajaoa huku.

Mama, hapo juu nimeandika umshukuru Mariamu. Futa. Siku niliyoondoka nyumbani nilikungoja uende sokoni, halafu nikakupigia simu nikasema safari imenijia ghafla. Lakini jana yake nilikuwa nimefua nguo zangu zote, zikajaa kamba nzima ya uani, nawe ulipita chini yake ukaingia jikoni. Na Mariamu hajui kupika kashata.

Nisamehe. Nikifika, kaa nyumbani, usinipishe tena.

Mwanao,
Saidi